Nyuki Waliotoa Ulimi

Siku ya kwanza niliyosimama mbele ya akina mama wa kikundi kile, chini kule upande wa Kiritiri, niliwaambia kwa Kiswahili changu cha chuoni kwamba serikali ina mpango wa kuwapa mizinga. Wakatazamana. Kisha bibi mmoja aliyeketi mbele, miguu ameinyoosha juu ya leso, akaniuliza kwa upole kama ni ile mizinga inayopigiwa Rais.

Sikucheka, kwa sababu sikuelewa. Ikabidi nielezwe. Sikukuu za taifa redio ilikuwa ikitangaza kwamba mizinga ishirini na moja imepigwa, na wale akina mama walikuwa wamelisikia neno hilo hapo tu. Kitu ambacho nyuki hukaa ndani yake wao walikiita mwatu, gogo lililochimbwa katikati na kuangikwa mtini. Cha kuaibisha ni kwamba hata kwetu Imenti tunakiita mwatu vilevile. Nilikuwa nimekuja na neno la kitabuni nikaliacha la nyumbani, tena mbele ya watu waliowajua nyuki kuliko mimi.

"Basi ni mwatu," nikasema.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," yule bibi akaniambia. "Nilikuwa nawaza nitauweka wapi, na mbuzi wangu wanaogopa kelele."

Hapo ndipo tukacheka sote, na urafiki wangu na bibi huyo ukaanzia hapo. Nilimwita cucu, yaani nyanya, kama kila mtu alivyomwita.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza mafunzo juzi tu, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza: afisa wa ufugaji nyuki, mwenye chumba kimoja karibu na ofisi ya chifu, meza moja na pikipiki iliyowaka ilipotaka. Mimi ni mtu wa juu, wa chai na kahawa na ukungu wa asubuhi. Kwetu joto ni kitu unachokifuata Mitunguu ukienda kununua ndizi, kisha unarudi. Huku Mbeere joto lilikuwa mwenyeji, mimi ndiye mgeni. Lakini nyuki walilipenda. Miti ya miiba ilichanua mvua ziliponukia tu, na asali ya kule ilikuwa nyeupe na nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama ndani yake.

Niueleze mpango wenyewe, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kilichotupata. Serikali ilikuwa imetenga fedha kwa ajili ya wafugaji nyuki wa sehemu kavu. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya vifaa: mizinga ya mbao, kofia zenye wavu, mabomba ya moshi. Sehemu nyingine ilikuwa ya kulinda afya ya nyuki wenyewe, kwa kuwa hakuna faida ya kumpa mtu nyumba mpya mahali ambapo wapangaji wanakufa. Kikundi chochote ambacho nyuki wake walikuwa wakifa kilitakiwa kupeleka sampuli Nairobi, kwenye maabara. Maabara ikiona ugonjwa au sumu, kikundi hicho kiliwekwa mbele: kilipewa mizinga, na afisa alitumwa kukaa na wakulima wa jirani ili wapatane namna ya kupiga dawa. Maabara isipoona kitu, ilichukuliwa kwamba nyuki wamehama kwa sababu ya kiangazi, na mizinga ilikwenda kwa kikundi kinachofuata. Ulikuwa mpango mzuri. Hata leo nauona mzuri.

Cucu alikuwa na mizinga tisa ya magogo, aliyoachiwa na mumewe. Alikuwa nayo, lakini hakuwa amewahi kuugusa hata mmoja. Kule mwanamke hapandi mti wa nyuki. Haikuwa sheria iliyoandikwa mahali, ni jambo ambalo halikufanywa tu. Kwa hiyo tangu alipofiwa, aliyepanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mrefu mwenye maneno machache na goti moja bovu. Alishuka na asali, akachukua fungu lake, na akamweleza cucu hali ya huko juu: hawa ni wakali, hawa wamepungua, hawa wamejaza. Kwa miaka kumi na mmoja cucu alikuwa akielezwa nyuki wake kama mtu anayesomewa barua.

Nilipomchorea mchangani ule mzinga wa serikali, sanduku la mbao linaloning'inizwa kwa waya kati ya miti miwili, likimfikia mtu kifuani, lenye fito juu na kila ufito na sega lake, alitazama mchoro ule kwa muda mrefu.

"Hapa nafika," akasema.

"Unafika, cucu. Umesimama chini."

"Na ukitaka kutazama?"

"Unainua ufito mmoja, unatazama, unaurudisha."

Kila nilipopita kwake baada ya hapo aliniuliza mizinga imefika wapi, kama anayeuliza habari za mtoto aliye safarini.

Lakini nyuki walikuwa wanakufa. Kila asubuhi alifagia chini ya miti na kupata wafu wengi kuliko kawaida. Kati ya mizinga tisa, mitano ilikuwa imenyamaza. Shemeji yake alipanda, akashuka, akasema wamehama kwa sababu ya jua. Mimi nilitazama upande wa pili wa ua, kwenye shamba la huyo huyo shemeji, pamba imechanua vizuri mistari kwa mistari, nikawa na wazo langu. Ila wazo si ushahidi. Kikundi kikakubaliana kwamba sampuli itoke kwa cucu, kwa kuwa ndiye aliyebakiwa na mizinga mingi. Nikamwambia, "Niokotee nyuki waliokufa, ujaze kiberiti."

Nilipopita Ijumaa nikakikuta kiberiti kimefungwa vizuri kwa uzi mweusi, kimewekwa juu ya sahani ndogo ya kauri, kama zawadi. Nikakitia mfukoni bila kukifungua, nikakipeleka ofisi yetu ya Embu, na Embu wakakituma Nairobi pamoja na faili.

Jibu lilichukua wiki tatu. Mkubwa wangu pale Embu, mtu mpole aliyezoea kutoa habari mbaya huku akipanga karatasi, alinisomea. Nyuki walioletwa hawakuwa na dalili ya ugonjwa wala ya sumu. Baadhi walionekana kufa majini, wengine kwa uzee.

"Kwa hiyo kikundi chako kimetoka kwenye orodha," akasema. "Pole. Labda ni jua tu."

"Nikileta sampuli nyingine?"

"Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Ikifika kabla ya hapo, nitaipeleka mwenyewe."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Mikutano ya kikundi ilifanyika kwenye darasa la chekechea, kwa hiyo akina nyanya walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Niliwasomea barua. Nikaona nyuso zikikunjamana moja baada ya nyingine. Nikamgeukia cucu, si kwa ubaya, nilitaka kuelewa tu.

"Cucu, wale nyuki uliwatoa wapi?"

"Chini ya miti, ulivyosema."

"Wote?"

"Wote. Niliwaokota asubuhi mbili. Walijaa nusu ya ungo."

"Nusu ya ungo? Na kiberiti kikaingiza wote?"

"Nilichambua," akasema.

Alilitamka neno hilo kwa heshima yake yote. Lazima mgeni aelezwe: sehemu ile hakuna anayepeleka ndengu mahali popote, iwe kwa mnunuzi, kwa mgeni au kanisani siku ya mavuno, kabla ya kuzimwaga kwenye ungo na kuzichambua moja moja. Zilizotobolewa zinatoka, zilizopasuka zinatoka, mawe yanatoka. Mwanamke anayepeleka ndengu zisizochambuliwa husemwa, na husemwa mwaka mzima.

"Ulichambua vipi?" nikauliza.

"Niliwatoa wabaya. Waliovunjika mabawa, waliojikunja. Na wale waliotoa ulimi, hao niliwatoa wote." Akanitazama kama mtu anayetarajia nimuunge mkono. "Ningewezaje kuipelekea serikali kitu kinachoitolea ulimi?"

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka pia, kidogo. Nikangoja wamalize. Kisha nikawaeleza. Nyuki aliyekufa kwa sumu hufa akiwa ametoa ulimi. Mara nyingi hiyo ndiyo alama ya kwanza ambayo macho ya mtu yanaweza kuiona. Wale waliobaki kwenye ungo, wenye mabawa mazuri yaliyokunjwa, ni wale waliokufa kifo chao cha kawaida, au waliotumbukia kwenye karai la maji la mbuzi. Cucu alikuwa ameiondoa sumu yote, mmoja mmoja, kwa vidole vyake, akaipelekea Nairobi nyuki safi.

"Wako wapi wale wengine?" mwekahazina wa kikundi akauliza.

"Niliwatupa motoni."

"Basi cucu amechambua mpaka akatuchambua na sisi," mwekahazina akasema, na safari hii kicheko hakikuwa kizuri. Mwingine nyuma akaongeza kwamba siku nyingine apewe mtu mvivu. Cucu akavuta leso akajifunika mabega, ingawa joto la chumba lilitosha kuivisha yai.

Niliinuka. Niliwaambia jambo ambalo nimelirudia kwa wanafunzi wangu wote tangu siku ile: kosa lilikuwa langu. Nilimwambia cucu afanye nini, sikumwambia kwa nini. Mtu akipewa "nini" peke yake, "kwa nini" ataijaza mwenyewe kwa adabu aliyolelewa nayo, na adabu ya cucu haikuwa na dosari hata kidogo. Ningetumia dakika mbili kumweleza kuhusu ulimi, tungekuwa tunashona nyavu za kofia sasa hivi. Sijui kama walikubali. Mwekahazina alitazama dirishani.

Mlangoni alikuwa amesimama yule shemeji. Kikundi kilikuwa na wanaume watatu, na yeye ni mmojawapo, kwa ajili ya kupanda.

"Mnanitazama mimi," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemtazama bado. "Dawa ya pamba nilipewa na serikali. Bwana wa pamba alikuja na bomba, akanionyesha mwenyewe. Sasa nyuki nao wamekuwa wa serikali. Serikali ikae chini na serikali, wamalizane, sisi tuambiwe nani ameshinda."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, maana alikuwa na haki. Nikamuuliza atapiga dawa lini tena. Akasema Alhamisi, asubuhi, kabla ya upepo, kama alivyofundishwa. Nikamweleza kwamba ua la pamba hufunguka asubuhi na nyuki huja hapo hapo, na jioni ua limeanza kunyauka na nyuki wamerudi kwao. Akipiga jioni, wadudu wa pamba watakufa vilevile, na nyuki wengi watapona.

"Jioni nitafikiria," akasema. "Lakini Alhamisi hii punda wa kuleta maji ya kuchanganyia dawa wameshaagizwa waje asubuhi. Bomba halipigi kwa mate."

Nilimsindikiza cucu hadi kwake. Njiani nikamwambia hesabu niliyokuwa nimeipiga. Alhamisi dawa itapigwa asubuhi. Tungeweza kuziba mizinga yake minne iliyobaki kwa magunia yaliyoloweshwa, nyuki wakae ndani mpaka jioni, wapone. Lakini tukiiziba yote hatutakuwa na wafu wa kupeleka, na mwisho wa mwezi utatupita. Kwa hiyo tuzibe mitatu, tuuache mmoja wazi.

"Na huo mmoja?"

"Wengi wao watakufa, cucu. Sitaki kukudanganya."

Alitembea hatua kadhaa. "Mmoja kwa ajili ya mingine," akasema, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuuza ili alipe karo. "Ule wa mti wa mwisho. Wale ni wachache."

Alhamisi nilifika jua halijatoka. Magunia yalikuwa yamelala usiku kucha kwenye karai. Shemeji alikuja na kamba yake, akavua viatu, na kwa goti lile akapanda mti wa kwanza, akafunika, akashuka, akapanda wa pili. Mimi nilimpa gunia, yeye akalipandisha, na maji yakatudondokea sisi tuliokuwa chini. Kwenye kila kizibo cha mzinga marehemu alikuwa amechonga alama yake, mistari mitatu na nukta, ili mwizi ajue anamwibia nani.

Mti wa tatu. Kisha wa mwisho. Alipanda mpaka kwenye mzinga, ingawa huo haukuwa wa kufunikwa. Nadhani alitaka kuhakikisha una nyuki. Akaweka sikio kwenye gogo.

"Shemeji," akaita kutoka juu, "huu ndio wa kuacha?"

"Ndio huo."

"Wameamka. Wako wengi kuliko nilivyokuambia juzi."

Cucu alikuwa ameinua uso, mikono yake imeshika gunia la nne. Sijui kwa nini tulikuwa tumelowesha magunia manne. Jua lilikuwa linaanza kugusa pamba upande wa pili wa ua, na maua ya manjano yalikuwa yanaonekana.

"Ungekuwa wewe, mwanangu," akaniuliza polepole, "ungeuacha?"

Nilikuwa na fomu mkononi. Nilikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo, na sababu hizo nilikuwa nimemweleza mimi mwenyewe, kwa utaratibu, nikichora mchangani. "Sijui, cucu," nikasema. Huo ulikuwa ukweli.

"Sasa niamulieni," shemeji akasema. "Goti linanilaumu."

"Funika," cucu akasema. Akanipa gunia nimpandishie. "Funika, shemeji. Serikali itupe au isitupe. Siwezi kusimama hapa nikiwachagulia."

Alifunika. Akashuka, akavaa viatu, akaenda kwake kuchanganya dawa. Mimi nilirudi ofisini nikaanza kuandika barua ya kueleza kwamba kikundi hakikuweza kupata sampuli. Niliiandika mara tatu. Kila mara ilionekana kama ya mtu anayejitetea.

Saa kumi hivi mlango uligongwa. Alikuwa shemeji, bado ananuka dawa, shati limeganda mgongoni. Akatoa kiberiti mfukoni mwa shati akakiweka mezani katikati ya barua zangu.

"Sijachambua," akasema.

Nilikifungua. Kilikuwa kimejaa mpaka juu, nyuki wamebanana, na kila ulipotazama palikuwa na ulimi umetoka, mwembamba kama uzi wa rangi ya kahawia. Nikamuuliza amewatoa wapi, kwa kuwa mizinga yote ilikuwa imefunikwa.

"Kwenye maua yangu. Mstari kwa mstari. Hawa ni wa porini, sijui mwenyewe ni nani. Nyuki hana alama sikioni kama mbuzi."

"Nitalazimika kuandika walikotoka. Na nani aliyepiga dawa."

"Andika. Kwani nimekuja kujificha?" Akakaa bila kuambiwa, akanyoosha lile goti. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka yote hii mimi ndiye ninayepanda, mimi ndiye ninayemwambia, wamehama kwa sababu ya jua. Nilimwambia ninachoamini. Nikimaliza kupiga dawa huwa naenda nyumbani kuoga na kulala, sijawahi kurudi shambani mchana. Leo nimerudi. Nimewaona wanaanguka."

Nilimtengenezea chai. Baadaye kidogo nikamweleza kwamba bwana wa pamba hakumdanganya. Alimfundisha kazi ya pamba, hakuna aliyemfundisha kazi ya nyuki, na kila ofisi inajua shamba lake tu. Akatikisa kichwa. "Basi mfahamiane," akasema. "Sisi tuko katikati."

Kesho yake nilikuwa Embu ofisi ilipofunguliwa. Mkubwa wangu alisogeza kiberiti kwenye mwanga wa dirisha.

"Hawa ni wa kikundi?"

"Ni wa porini. Wamekufa kwenye pamba, hatua thelathini kutoka mizinga ya kikundi. Nimeandika hivyo hivyo. Mwenye pamba ametia sahihi."

"Mwenye pamba?" Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiari yake?"

"Ndiye aliyewaokota."

Akaisoma fomu mara ya pili, akagonga mhuri. Alikipeleka Nairobi mwenyewe, kama alivyoahidi. Jibu la safari hii lilirudi siku mbili kabla ya orodha kufungwa, na lilikuwa na neno moja tu tulilolihitaji: sumu.

Sitasema kwamba kila kitu kilikuja tulivyoomba. Tuliomba mizinga kumi tukapewa sita. Mabomba ya moshi yalikuja bila kofia, na kofia zikaja mwezi mwingine bila mabomba. Lakini lori la serikali lilifika Kiritiri siku ya soko, na bwana wa pamba alitumwa kweli, akakaa darasani kwenye kiti cha mtoto kama sisi wengine, akasikiliza habari za maua na jioni. Alikuwa hajui. Alisema hivyo waziwazi, nami nikampenda kwa hilo. Mwekahazina alimpa cucu mzinga wa kwanza kushushwa. Hakusema samahani, alisema tu kwamba huo ndio ulio na mbao nzuri, amechambua.

Tuliuning'iniza kati ya miti miwili nyuma ya jiko lake. Tukapaka nta ya zamani upande wa chini wa kila ufito, ili nyuki wanaotafuta nyumba wasikie harufu ya wenzao. Mvua zikaja. Wiki moja, mbili, hakuna kitu, mjusi tu. Siku moja nilipokuwa Mikinduri kwa kazi nyingine, cucu alinitumia ujumbe kwa mdomo wa mfanyabiashara wa ndengu: mwambie mwalimu wa nyuki wapangaji wameingia.

Tulingoja miezi minne kabla ya kuufungua mzinga. Siku hiyo cucu alivaa kofia yenye wavu juu ya kitambaa chake cha kichwa, akakataa glavu, akasema hawezi kusalimia na mikono iliyofunikwa. Shemeji alishika bomba la moshi. Alilishika vibaya, akajitia moshi machoni, na cucu akamwambia kwamba kazi ya chini nayo ina ufundi wake.

Nilimwonyesha pa kuanzia, pembeni, mahali ambapo fito bado ni tupu. Akaondoa wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulikuwa mzito. Niliona mikono yake inavyopima uzito ule kabla macho hayajafika. Akauinua polepole, moja kwa moja juu, kama nilivyomfundisha, na sega likatoka, jipya, jeupe, limefunikwa na nyuki pande zote mbili, wakitembea juu ya migongo ya wenzao.

Aliliangalia upande mmoja, akainama akaangalia wa pili.

"Kumbe ni wengi hivi," akasema.

"Nilikuambia," shemeji akajibu.

"Uliniambia. Hukuniambia kwamba wana joto." Alikuwa amelisogeza sega karibu na uso, wavu tu katikati yao. "Linanipiga hapa shavuni. Kama mtoto aliyelala."

Nilimwambia alirudishe sasa, nyuki wachanga hawapendi upepo. Nilimweleza na sababu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Ngoja kidogo. Bado natazama."